Nani Aliweka Sahani Mlangoni

Beaufort, Carolina Kusini
6 Oktoba 2025

Bwana Lavon Mabry,

Jambo nililolificha kwa karibu miaka arobaini ni hili: ripoti iliyokufukuzisha Chuo cha Wardlaw niliiandika mimi. Haikuandikwa na kocha, wala na yule mkaguzi wa ligi, wala hukuchongewa na kijana uliyelala naye chumba kimoja. Niliiandika mimi, Whitfield Gaillard, mwalimu wako wa historia ya Ugiriki na Roma, niliyekuwa mjumbe wa walimu katika kamati ya michezo. Huenda umenisahau. Mimi nakukumbuka: ulikaa pembeni, mguu wa kulia umeunyoosha kwenye njia ya katikati, kwa sababu goti lilikuwa halikunjiki tena.

Sasa nina miaka themanini na minane. Moyo umechoka na madaktari wameacha kunidanganya. Ninaishi kwa binti yangu, Rosalind. Wiki iliyopita aliniwashia televisheni nitazame Wardlaw wakicheza futiboli ya Kimarekani. Nikamwona kijana anayekimbia na mpira kwapani kama ulivyokuwa ukikimbia wewe, na mechi iliposimama nikamwona tena, akitangaza godoro. Analipwa kwa godoro, na chuo nacho kinamlipa kwa kucheza. Kisha akatokea rais wa chuo, anatabasamu, akasema, "Sisi Wardlaw siku zote tumewatanguliza vijana wetu." Siku zote! Nilipiga mkono wa kiti hadi Rosalind akaja mbio akidhani nimeanguka.

Tuliwatangulizaje? Tulijaza uwanja kila Jumamosi kwa jasho lao. Tukamjengea kocha nyumba ya ghorofa kando ya ziwa. Na ilipofika wiki ya Sikukuu ya Shukrani tulifunga bwalo la chakula kwa kufuli, na waliokosa nauli ya kwenda kwao tukawaacha mabwenini wajitegemee. Wewe ulikuwa mmoja wao. Novemba ile ya 1986 ulikula chakula kilichoachwa mlangoni kwako. Kanuni zetu zilisema mchezaji asipokee chochote nje ya bwalo, nami nikaandika kwamba umepokea. Ufadhili wako ukafutwa. Ukaondoka na goti ulilolivunjia uwanjani kwetu, ambalo chuo kilikataa kulitibu kwa kuwa hukuwa wetu tena.

Na mwezi ujao chuo hicho hicho kinataka kuupa ukumbi wa kamati jina langu, kwa kuwa "nililinda usafi wa mchezo".

Siombi unisamehe. Nataka ujue jina la aliyekufanyia hivyo, kabla halijachongwa kwenye jiwe.

Wako kwa majuto,
Whitfield Gaillard


Orangeburg
14 Oktoba 2025

Profesa,

Barua yako ilinikuta dukani. Mimi ni kinyozi sasa. Ni kazi ya kusimama kutwa, na goti ni lile lile. Nadhani utaona kichekesho chake.

Niliisoma mara ya kwanza kimoyomoyo. Mara ya pili niliisoma kwa sauti, maana wateja wangu hawana adabu ya kumwacha mtu na barua yake. Mzee Purvis, aliye na umri mkubwa kuliko duka, akasema, "Lavon, huyo anataka kufa msafi. Mwambie maji ya kuoga yamekwisha." Alikuwepo kijana mmoja anayechezea chuo cha jirani. Akauliza, "Sahani ya chakula tu, mzee? Si ungepiga picha nayo ukasema ni tangazo?" Duka zima likacheka. Purvis akamgeukia: "Wewe dogo, sisi tulilipwa kwa kupigwa mgongoni na kuambiwa 'umejitahidi'. Ukiomba chumvi, unafukuzwa."

Basi wakaanza kubishana kama wachezaji walipwe au wasilipwe, kama watu wanaobishana iwapo kesho itanyesha. Mmoja kitini kwangu akasema pesa inawaharibu watoto. Nikazima mashine. Nikamwuliza, "Na njaa inawajenga? Hebu nyamaza, la sivyo utatoka hapa umenyolewa upande mmoja."

Lakini sikuandikii kwa ajili ya ubishi huo. Katika barua yako umesema chakula "kilichoachwa mlangoni". Ripoti yako haikusema hivyo. Ilisema chakula kiliibwa jikoni na mpishi wa bwalo, Ozella Frazier, akampelekea mtoto wa dada yake. Huyo ni mama yangu mdogo, Profesa. Ndiye aliyenilea. Aliwapikia ninyi tangu akiwa msichana. Walimfukuza mbele ya wenzake na kumpekua mkoba kama kibaka. Kanisani kwetu alikuwa mkuu wa jiko. Hakuna aliyemwambia ondoka; waliacha tu kumpa funguo. Nani atampa funguo mtu aliyeitwa mwizi na chuo kizima?

Mpaka anakufa alisema, "Lavon, mimi sikuleta sahani." Nami sikumwamini. Nani mwingine angenijali pale? Nilikuwa na miaka ishirini, goti limefungwa bendeji, nikamwambia, "Ungeniacha na njaa yangu." Hayo ndiyo niliyomwambia mama yangu mdogo, na hatukuzungumza vizuri tena.

Kwa hiyo swali langu ni moja, na usilifunike kwa majuto. Nani aliweka sahani mlangoni? Jumapili kabla ya Sikukuu ya Shukrani, kanisa letu husoma majina ya wapishi wake waliotangulia. Jina la Ozella Frazier halijasomwa hata mara moja. Mwaka huu nataka kusimama nikiwa na kitu cha kusema.

Lavon Mabry


Beaufort
24 Oktoba 2025

Bwana Mabry,

Una haki ya hasira yako, na zaidi. Nakuthibitishia kwamba Bi Ozella hakuiba kitu. Wiki ile jiko lilifungwa na funguo alikuwa nazo meneja peke yake. Nilijua hivyo nilipokuwa nikiandika kinyume chake.

Utauliza kwa nini. Ngoja nikueleze jinsi wakubwa tulivyofanya kazi yetu. Mkaguzi wa ligi alipita mabwenini baada ya sikukuu, akakuta mifupa ya bata mzinga na vipande vya foili kwenye pipa la chumba chako. Kesho yake kocha aliingia ofisini kwangu, akafunga mlango kwa kisigino. "Whit," akasema, "goti la Mabry limekwisha. Hatakimbia tena huyo. Na nina kijana kutoka Florida anayesubiri nafasi ya ufadhili." Nikamwambia hatuwezi kumfukuza mtu kwa kuumia akitutumikia. Akacheka. "Nani amesema kuumia? Si amekula? Wewe ndiye mtu wetu wa usafi. Andika." Akanipiga begani, akatoka akipiga mluzi.

Ni kweli nilikuwa mtu wao wa usafi. Kila Agosti nilisimama mbele yenu na tai yangu, nikawaambia mnacheza kwa mapenzi, kama Wagiriki wa kale, ambao mshindi wao wa Olimpia alivishwa shada la majani na kurudi kwao ameridhika. Shada alivishwa. Nilichowaficha, na nilikijua kama nijuavyo jina langu, ni kwamba mshindi huyo akirudi Athene mji ulimlisha kwenye meza ya wakubwa mpaka kufa kwake. Huyo ndiye niliyemtolea mfano, halafu nikamshtaki mtoto mwenye njaa kwa paja la bata mzinga.

Wateja wako wanabishana kama walipwe. Nimesoma vitabu vingi, na sijapata kusikia kazi nyingine ambayo mtu huvunjika mfupa mbele ya maelfu waliolipa kiingilio, akabebwa kwenye machela, halafu akaambiwa ujira wake ni heshima. Kila mtu uwanjani alilipwa: kocha, mwamuzi, mpiga tarumbeta aliyekodiwa, muuza karanga. Mimi nililipwa mshahara ili nihubiri kwamba ninyi msilipwe.

Kuhusu sahani, imepita miaka mingi. Waliohusika wamelala, na nisingependa kuwasumbua makaburini. Inatosha kwamba mama yako mdogo ni safi, na hilo nitalitia sahihi.

Nimechoka. Rosalind amenipikia chakula cha Shukrani mapema, akihofu nisifike. Amejaribu hata ule mkate wa mahindi wa kupondwa, wenye chaza na maganda ya chungwa, ambao mama yake, Marian wangu, aliurithi kwa bibi yake na hakumfundisha mtu wa nje. Ulinishinda kumeza.

Whitfield Gaillard


Orangeburg
3 Novemba 2025

Profesa,

Nilikuwa namnyoa Purvis barua yako ikiwa imekunjwa mfukoni, nami naipitia kichwani, mara mkono ukasimama. Nikaenda kukaa kwenye benchi. Purvis akaanza kelele: "Lavon! Nina mazishi saa nane, niende nusu kichwa?" Nikamwambia marehemu hatajali.

Chaza na maganda ya chungwa.

Sahani ya Alhamisi ilikuwa na bata mzinga, maharage mabichi, na kitu kama mkate uliopondwa, kina chaza ndani na uchungu kidogo wa chungwa. Sijakila tena mahali popote. Nilidhani ni masalio ya karamu ya rais wa chuo, na ndiyo maana nikaamini kimetoka jikoni kwenu kwa mkono wa mama mdogo. Sasa sikia. Mama mdogo alikuwa hawezi kugusa chaza. Hata akimenya kamba wa baharini tu mikono ilivimba kama glovu. Kila mtu nyumbani alijua. Mimi nilijua! Nimelijua hilo miaka yote, na nimeikumbuka ladha ile miaka yote, na sikuyaweka pamoja hata siku moja, kwa sababu nilikuwa nimeshapata mtu wa kumlaumu naye alikuwa karibu.

Kwa hiyo ni mkeo. Namkumbuka. Alikuja darasani siku moja kukuletea miwani, akanikuta mlangoni, akaniuliza goti linaendeleaje. Mwaka ule mzima hakuna mwingine aliyeniuliza.

Nimeshalielewa, basi. Mkeo alinilisha bila wewe kujua. Ukaja kugundua, na ili asitajwe ukamtupa mama yangu mdogo mahali pake, kwa kuwa yeye alikuwa mpishi tu, mweusi tu, na nani angemsikiliza. Inanichoma. Lakini nitakuambia kitu ambacho sikutegemea kukisema: karibu nakuelewa. Mimi nami ningesema uongo kumwokoa mke wangu. Mwanamume aliyemkinga mkewe, hilo naweza kulisimamia mbele ya kanisa bila kutetemeka.

Liandike hivyo, utie sahihi. Jumapili ni tarehe ishirini na tatu.

Lavon Mabry


Beaufort
10 Novemba 2025

Bwana Mabry,

Baba hajui kwamba nakuandikia. Tangu barua yako ifike hali chakula vizuri. Anaanza kuandika, anachana. Hawezi kupanda kitandani bila mimi kumshika, lakini kuchana karatasi anaweza.

Nasikitika kwa yaliyompata mama yako mdogo. Nasema hivyo kwa dhati. Lakini mama yangu naye ni marehemu, na sasa unataka jina lake lisomwe mbele ya watu asiowajua, kana kwamba msiba wenu ulianzia kwenye sufuria yake. Kama alikupikia, alipika kwa wema. Baba ameshakubali kwamba Bi Ozella hakuiba. Unataka nini zaidi kwa mzee asiyeweza hata kufunga vifungo vya shati?

Jana akiwa amesinzia kitini alisema, "Marian alitaka kusema." Nilipomwuliza kusema nini, alifumbua macho na kuomba maji. Unaona unavyomtesa. Tafadhali mwache aende kwa amani.

Rosalind Gaillard


Orangeburg
13 Novemba 2025

Bi Rosalind,

Sina ugomvi na mama yako. Aliyekula chakula chake ni mimi, na kilikuwa kitamu, na hakuna aliyewahi kumshukuru. Namshukuru leo.

Ila mama yangu mdogo hakuachwa aende kwa amani. Wanawe walimwona akipita mlango wa jiko la kanisa, Jumapili baada ya Jumapili, akinusa tu kinachopikwa na wengine. Wewe unamlinda baba yako, na unafanya vizuri. Nami namlinda wangu, nikiwa nimechelewa.

Kama marehemu mama yako alitaka kusema, basi muulize baba yako nani alimziba mdomo. Ibada yetu inaanza saa tano asubuhi.

Lavon Mabry


Beaufort
18 Novemba 2025

Lavon,

Kalamu imenishinda. Anayeandika ni Rosalind, na haya anayasikia kwa mara ya kwanza, neno kwa neno, kama utakavyoyasoma wewe. Nimemwomba asinilainishie chochote. Ameshasimama mara mbili kwenda dirishani, na mara zote mbili amerudi.

Ulinifungulia mlango wa heshima: mume aliyemkinga mkewe. Nimeutazama mlango huo siku nyingi. Ningependa sana kufa nikiwa mtu huyo, na kanisa lenu lingenisikitikia. Lakini hakuwahi kuwepo mtu huyo.

Jumatano ile ya Novemba nilikuwa dirishani ofisini. Mvua inanyesha. Nikakuona na magongo yako unazunguka bwalo, unajaribu mlango huu, unahamia ule, ukifika wa mwisho unarudi kwenye wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikamwambia Marian. Akasema, "Whit, na kanuni yenu?" Nikamwambia kanuni iende zake. Marian akafunga aproni. Hilo ndilo jambo jema kuliko yote niliyoyafanya Wardlaw, na nililifanya kwa kujificha.

Mkaguzi alipokuja kuuliza chakula kilitoka wapi, Marian alivaa koti lake. "Twende wote," akasema. "Tutasema tulimlisha mtoto. Watatufanya nini?" Nilijua watanifanya nini. Ningeondolewa kwenye kamati. Gazeti la mji lingenicheka wiki moja, na hotuba zangu za Agosti zisingesikilizwa tena. Basi. Hakuna jela wala njaa. Kwa ajili ya hayo tu nilimvua mke wangu koti kwa mikono yangu, nikalitundika, nikaenda kuandika jina la mwanamke ambaye nilijua hataulizwa mara mbili. Sikumkinga Marian. Nilimnyamazisha.

Hakusema nami mpaka Pasaka. Na kila mwaka baada ya hapo, Sikukuu ya Shukrani ikifika, alipika mkate ule wa chaza, akauweka mbele yangu, akaketi kimya kunitazama nikiula mpaka uishe. Rosalind alidhani ni mapenzi.

Ukumbi nimeukataa. Rosalind amewaandikia chuo sababu, na amewaambia jina linalofaa kuwekwa pale kama wana haya.

Sasa simama kanisani usome haya, mbele ya wenye funguo za jiko, na umwache Bi Ozella awe wa kwanza. Ozella Frazier hakuiba, hakubeba, wala hakusema uongo. Marian Gaillard alipika. Na aliyezificha sahani ndani ya koti la mvua, akaziweka mlangoni kwa Lavon Mabry, akabisha hodi na kukimbia, kisha akamshtaki kwa kula kilichokuwamo, ni mimi.

Whitfield Gaillard